Mama Amekwenda kwa Mjomba

Ighil Tala, 29 Oktoba 1989

Mdogo wangu Ghenima,

Nakusalimu wewe, shemeji Salem na watoto, salamu nyingi kuliko zeituni za mwaka huu, maana mwaka huu ni chache. Kifua cha yule mtoto mdogo kimepona? Mpake mafuta ya zeituni yaliyopashwa moto, usimsikilize daktari peke yake. Sisi huku tupo. Mbuzi yupo, paa limezibwa, kuni za mwaloni nimezipanga mpaka chini ya dirisha. Mitungi miwili ya gesi nimeipata baada ya kusimama foleni kutwa nzima na kutukanana na mke wa mwenye kinu cha zeituni, yule wa Akli, kisha tukarudi nyumbani pamoja tukicheka.

Baridi imewahi. Jana asubuhi vilele vya milima ya Djurdjura vilikuwa vyeupe. Nimeyatoa mablanketi sandukuni na kuyaanika, na harufu ya mama bado imo. Nikayakunja tena mawili, nikayarudisha.

Sasa nikwambie habari za baba, kwa sababu Salem alipopiga simu posta nilijibu tu kwamba hajambo, na pale posta watu wote wanasikiliza. Baba hajambo mwili. Kichwa ndicho kinaondoka. Ulipomwona mwezi wa nane alikuwa anasahau funguo na idadi ya rakaa. Sasa amemsahau mama. Sisemi amemsahau mwenyewe, huyo anamkumbuka kuliko zamani. Amesahau kwamba amekufa.

Kila jioni nikiwasha jiko ananiuliza, "Ouiza yuko wapi?"

Mara ya kwanza nilifikiri anataka kumtaja tu. Nikamwambia, "Baba, mama alifariki. Tulimzika mwezi wa tano."

"Nani kakwambia?"

"Nilikuwepo, baba. Na wewe ulikuwepo."

"Mimi nilikuwa Ufaransa," akasema. "Kwa nini hamkuniita nije?"

Kisha akalia, Ghenima. Analia kama mtu aliyeambiwa sasa hivi, maana kweli ameambiwa sasa hivi. Baada ya saa moja anajifuta uso, anaomba kahawa, anailaumu kahawa. Tunapokaa kula anaangalia mlangoni na kuuliza tena. Nikinyamaza anaacha kijiko. Anasema atamngoja mkewe, hawezi kula kabla yake. Kuskusi inapoa mbele yake mpaka naiondoa.

Wewe unafanya kazi na wazee. Niambie mnafanyaje huko.

Dada yako,
Dahbia

*

Saint-Étienne, 8 Novemba 1989

Kwa dada yangu mpenzi Dahbia,

Baada ya salamu, natumaini barua hii inakukuta mzima na mikono yako haijapasuka kwa baridi kama kila mwaka. Sisi wazima. Mtoto amepona, mafuta yako nilimpaka, shule nzima ikamnusa. Hapa Ufaransa bado hakuna theluji ila ukungu tu, ule ule ambao baba alikuwa akituandikia kwamba unaweza kuukata kwa kisu. Nikipita karibu na shimo la makaa ya mawe alikofanya kazi, sasa limefungwa, huwa najiuliza alikuwa anatembea upande gani wa barabara.

Barua yako niliisoma kazini, wakati wa chakula, na sikuweza kula. Nikamweleza muuguzi wetu mkuu, Bi Odile, mama mtu mzima aliyezeekea katika wodi hii. Alinisikiliza, akaniuliza, "Dada yako anamwambia kila siku?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi anamfisha mkewe kila siku."

Dada, usinikasirikie. Wodini kwetu tuna mama mmoja anayemngoja mwanawe aliyekufa vitani. Hakuna anayemwambia. Tunasema yuko njiani. Anatabasamu, anakula, analala. Mwambie baba kwamba mama amesafiri. Amekwenda kutembea, atarudi. Kesho atakuwa amesahau, utasema tena. Si uongo wa kumnyima mtu haki yake. Ni kama blanketi tu.

Najua ni rahisi kusema nikiwa huku. Fikiria.

Watoto wanabusu mkono wa babu yao.

Mdogo wako,
Ghenima

*

Ighil Tala, 16 Novemba 1989

Ghenima,

Salamu kwako na kwa wa nyumbani mwako. Afya yetu kama ulivyoiacha, na mikono imepasuka, asante kwa kuuliza.

Barua yako nimeisoma na nikaiweka chini ya mto siku mbili ili nisikujibu kwa hasira. Hasira haikuondoka, kwa hiyo nakujibu nayo.

Huyo Bi Odile mwambie sijamfisha mtu. Mama amekufa mara moja tu, mikononi mwangu, na nilimwosha mimi pamoja na jirani yetu Fadhma, kwa sababu ndege yako ilichelewa. Sikulaumu kwa ndege. Lakini usiniletee maneno ya blanketi. Wewe unavaa koti jeupe kwa muda wa saa nane, kisha unalitundika unarudi kwako. Mimi sina zamu. Tangu mume wangu aliponirudisha kwa kuwa sikuzaa, miaka kumi na tisa sasa, nimekuwa katika nyumba hii na wazazi wangu wawili, na sikuwahi kumdanganya hata mmoja wao. Nimwambie baba mama amekwenda kutembea? Na Ijumaa nikienda makaburini nimwambie mama nini, kwamba mumeo anadhani uko matembezini?

Na watu je? Wiki iliyopita nilipomwambia, alivaa joho lake la sufu akatoka akasimama mlangoni kupokea mkono wa tanzia. Akangoja. Fadhma alimwona, akaja akampa pole. Akamwita mumewe. Akli akaja kutoka kinuni na mikono myeusi ya mafuta. Wakampa pole wote kama siku ya kwanza, na baba akawajibu vizuri, kila mmoja kwa maneno yake. Nilisimama nyuma ya mlango nikajiziba mdomo kwa kilemba. Siku mbili baadaye akatoka tena. Wakaja tena. Mara ya tatu Fadhma aliniambia kwa upole, "Dahbia mwanangu, mpaka lini?"

Jana nimemtobolea baba tundu jipya kwenye mkanda wake kwa msumari. Ni la tatu.

Zeituni tumeanza. Naondoka alfajiri, Fadhma ananiangalizia baba, narudi adhuhuri.

Usiniandikie tena habari hizo.

Dahbia

*

Saint-Étienne, 25 Novemba 1989

Dada yangu,

Nakuombea afya, na kwa baba pia. Sisi hatujambo.

Umesema kweli. Sikuwa na haki. Nimekaa kwenye ngazi za nyumba nikaisoma barua yako, Salem akatoka kunitafuta akidhani nimeanguka. Nikamwambia nimeanguka kweli.

Nilikuwa nakumbuka majira ya baridi tulipokuwa wadogo, barua ya baba ilipofika. Mama alikuwa akiketi, anakunja mikono, na wewe unamsomea, una miaka kumi na miwili. Mimi nilikuwa najifunza kusoma nikawa nachungulia begani kwako. Siku moja baba aliandika kwamba hatakuja mwaka huo. Wewe ukasoma, "Nitajitahidi kuja." Nilikukanyaga mguu, ukanifinya mpaka nikanyamaza. Mama alifurahi wiki nzima, akapaka ukuta chokaa. Ulipoandika kwamba hujawahi kumdanganya hata mmoja wao, nilicheka peke yangu, kisha nikaona haya kwa kucheka.

Sikukumbushi ili nikushinde. Nataka kusema kwamba unajua kuliko mimi na kuliko Bi Odile, kwa sababu wewe ndiye uliye naye. Sahau niliyokwambia. Fanya unavyoona. Nitakuja Februari nikipata likizo, nikae naye mwezi mmoja, wewe ulale tu.

Nisamehe.

Mdogo wako,
Ghenima

*

Ighil Tala, 3 Desemba 1989

Mdogo wangu Ghenima,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto wangu. Natumaini mko salama. Sisi leo hatujambo kweli, siandiki kwa desturi tu.

Barua yako ya kuomba radhi imefika jana. Imechelewa, mwenzangu. Nimekwishasema.

Ilikuwa ile ile Jumamosi ulipokuwa unaniandikia. Nilirudi kutoka mashambani nimelowa hadi magotini, vidole havikunjiki. Nikapiga kiberiti mara nne jiko likakataa. Na yeye nyuma yangu: "Ouiza yuko wapi?" Ghenima, nilikuwa nimechoka. Sitasema nilifikiri, sikufikiri. Nikasema, "Amekwenda kwa Mjomba Rabah."

Nikangoja aseme Rabah naye ni marehemu. Akauliza, "Kuna nini huko?"

"Mke wa mjomba amejifungua."

Akaanza kucheka. "Rabah? Na miguu ile?" Akacheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka, nikiwa nimepiga magoti mbele ya jiko na kiberiti mkononi. Jiko likawaka. Akala sahani mbili. Akasema kuskusi imepikwa na mtu mwenye hasira, lakini inaliwa.

Tangu siku ile anakula. Anauliza jioni, namjibu, anatikisa kichwa. "Ananilipizia," anasema. "Mimi nilimwacha miaka ishirini na miwili nikachimbe makaa ya watu. Yeye kakaa siku mbili tu, nami tayari nalalamika." Ananyoa ndevu. Juzi aliniamuru nirekebishe bawaba ya kabati kwa sababu Ouiza akirudi atasema. Tulipochinja kuku alinikataza kugusa shingo. "Hiyo ya mama yako, anaipenda." Nimeiweka pembeni katika sahani yake, nikaifunika. Alipolala nikaila mwenyewe nimesimama, na nilikuwa nalia na kutafuna kwa pamoja.

Mimi hanitambui sana. Mara ni dada yake, mara ni mtu wa kufua. Jana aliniuliza nimetokea kijiji gani, nikamwambia hiki hiki, akasema, "Basi lazima nawajua wazazi wako." Nikamwambia anawajua.

Haya, ulishinda. Nimemwambia mama makaburini. Nilisimama muda mrefu, upepo ukanipiga, nikasema tu kwamba anakula. Nadhani ilitosha.

Fadhma na Akli wanajua, nao humwambia vivyo hivyo. Kijiji kizima sasa kinamsalimia na kumuuliza, "Ouiza bado hajarudi?" Naye anajibu, "Mnawajua watu wa kwao, wakimpata hawamwachi."

Mbingu imeshuka tangu asubuhi, imekaa juu ya paa. Akli anasema wiki hii haitakwisha kabla theluji haijaanguka. Zimebaki zeituni za shamba la chini, nitazipeleka kinuni kabla njia haijaziba. Baba aliniuliza jana kama kivuko cha mtoni kinapitika. Nikamwambia kuna matope. Akasema, "Atapitaje na matope?" Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Nawabusu wote.

Dada yako,
Dahbia

*

Saint-Étienne, 11 Desemba 1989

Dada,

Salamu, na samahani sitaziongeza. Barua yako imefika leo mchana, nimeisoma mara tatu, nakimbia kuitia hii posta kabla haijafungwa.

Usimwambie yuko kwa mjomba. Nakuomba. Ni mwendo wa saa mbili tu kuteremka mtoni na kupanda ng'ambo, na njia ile baba anaijua tangu alipokuwa anakwenda kuposa. Akili yake haijui mwezi huu ni upi, lakini miguu yake inakumbuka. Hapa kwetu mwaka juzi mzee mmoja alitoka na nguo za kulalia akamtafute mkewe sokoni, soko lililobomolewa kabla sijazaliwa. Nilipaswa kukuambia hayo tangu mwanzo. Nilikuandikia neno la blanketi nikasahau lililo muhimu: ukimwambia amekwenda mahali, pawe mahali ambapo hawezi kwenda kwa miguu.

Sema amekwenda kuhiji. Sema amekuja kwangu huku, nimejifungua, ananiuguza. Bahari hawezi kuivuka. Na umwambie Akli apigilie komeo jingine juu kabisa ya mlango, mahali ambapo mtu hazoei kuangalia. Usimwache peke yake hata kwenda kisimani.

Nimejaribu kupiga simu posta ya kijiji mara saba. Hailii. Wanasema nguzo zimeanguka kwa theluji. Nitajaribu kesho na keshokutwa.

Nijibu upesi.

Mdogo wako,
Ghenima

*

SIMU YA MAANDISHI, KUTOKA POSTA YA MJINI, 13 DESEMBA 1989

BABA AMEFARIKI LEO ASUBUHI. MAZIKO KESHO. NJIA MBAYA USIHARAKISHE. NJOO SALAMA. DAHBIA

*

Saint-Étienne, 29 Desemba 1989

Dada yangu Dahbia,

Nakusalimu kwa huzuni yetu sote. Nimefika salama. Mafuta hayakumwagika na tini zako watoto wamezimaliza kwa siku mbili. Salem anakupa pole tena. Natumaini umepata mtu wa kulala nawe nyumbani. Natumaini unawasha jiko hata ukiwa peke yako, maana nakujua.

Nina mambo mawili, na yote nilishindwa kuyasema nilipokuwa hapo, siku saba tulizolala kitanda kimoja.

La kwanza, nimekuibia. Siku ya tano ya kuwepo kwangu tarishi alileta barua, ukaipokea, ukaitazama, ukaiweka kwenye rafu nyuma ya redio bila kuifungua. Niliujua mwandiko wangu. Ni barua niliyokuandikia tarehe kumi na moja. Ulipokwenda kukama mbuzi niliichukua nikaificha katika nguo zangu. Niliona heri usiisome kamwe. Nilipofika hapa nikaona kwamba kama nimeificha, basi mimi ni mtu wa namna gani. Nimeitia ndani ya bahasha hii, haijafunguliwa. Isome.

La pili. Uliniambia baba alishikwa na kifua kitandani, akazidiwa, akaenda. Nikaamini. Asubuhi ile ya kuondoka, tukingoja basi, ulirudi nyumbani kunichukulia shali niliyoisahau. Fadhma akanishika mkono akasema, "Mungu atamlipa baba yako kwa zile buti." Nikamuuliza buti gani. Akaona kwamba sijui, akataka kugeuza maneno, nikamshikilia. Akaniambia kwamba baba alitoka siku ya theluji. Alikutwa mtoni akiwa na buti za mama. Basi likaja, na wewe ukaja na shali, ukanifunga shingoni kama mtoto wa shule, na mimi sikuweza kufungua mdomo.

Njia nzima, kwenye basi, uwanjani, kwenye ndege, nilikuwa najiuliza kwa nini ulinificha. Uliogopa nitakulaumu? Au wewe ndiye unayenilaumu, na hukutaka nijue? Mimi ndiye niliyekushauri. Ulikataa, ukaniambia nisirudie, na bado neno langu lilibaki ndani ya nyumba mpaka ukalitumia siku ya uchovu.

Niambie yote yalivyokuwa. Usiruke maneno kama ulivyokuwa ukimrukia mama.

Mdogo wako,
Ghenima

*

Ighil Tala, 8 Januari 1990

Mdogo wangu Ghenima,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Mimi mzima. Fadhma analala nami, anakoroma, namshukuru Mungu kwa mkoromo ule. Theluji imefika dirishani na basi halijapanda siku nane, kwa hiyo barua hii itangoja mezani mpaka njia ifunguke. Nimeandika kidogo kidogo.

Barua yako ya tarehe kumi na moja nimeisoma. Sikuifungua wakati ule kwa sababu nilidhani ndani yake unamsalimia baba, na sikutaka kusoma salamu ambazo mwenye kuzipokea hayupo tena. Umesema sawa yote uliyosema ndani yake. Lakini hesabu siku vizuri. Ulipoiandika, baba alikuwa tayari kitandani siku mbili. Hata ungeileta kwa ndege usingewahi.

Na jambo jingine. Wewe uliandika niseme amesafiri. Kwa mjomba nilisema mimi. Mjomba hukumtaja wewe.

Sasa nakusimulia, sitaruka kitu.

Jumamosi tarehe tisa nilipeleka magunia kinuni. Theluji ilianza kabla ya adhuhuri, laini, nikafikiri nitawahi. Fadhma alimchungulia mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa amekaa karibu na jiko. Mara ya pili alikuwa amesimama dirishani akamwambia, "Ouiza ameondoka na viatu vyepesi." Fadhma akamwambia theluji hiyo itapita, akaenda kuingiza kondoo wake. Asilaumiwe. Mimi ndiye niliyechelewa, kinu kilikuwa na foleni na nilitaka zamu yangu isipite.

Niliporudi mlango ulikuwa wazi na theluji imeingia hadi kwenye mkeka. Viatu vyake vilikuwa pale pale. Buti za mpira za mama, zile nyeusi za kuchumia zeituni, hazikuwepo. Alikuwa ametoka na ndara za nyumbani.

Nyayo zilionekana mpaka kisimani, kisha zikafunikwa. Akli na watu wa kinuni waliteremka na nyumbu. Nami niliteremka nao, walinikataza, niliteremka. Tulimkuta kivukoni, amekaa juu ya jiwe, joho limekuwa jeupe. Buti alikuwa amezipakata chini ya joho ili zisilowe. Nilipiga magoti mbele yake. Hakuwa na hofu. Akaniambia, "Maji yamejaa. Nangoja yapungue nimvushie." Kisha akamwona Akli na nyumbu, akasema, "Mmekawia. Mwanamke anangoja ng'ambo."

Miguu yake ilikuwa ya buluu. Tukampandisha. Akli alivua koti lake akamfunga miguu nalo. Njia nzima baba hakutaka mtu mwingine azishike zile buti.

Nilimlaza karibu na jiko, tukamsugua kwa mafuta. Daktari alipanda Jumatatu kwa miguu kutoka barabarani, akasikiliza kifua, akaacha dawa, akaniambia mlangoni nisitegemee. Siku nne, Ghenima. Jumapili asubuhi alifungua macho, akanitazama, akasema, "Umekuja."

Nikasema, "Nimekuja."

"Nani kakuvusha?"

"Akli, kwa nyumbu."

"Viatu ulipata?"

"Nimevipata, vimenifaa."

Akaniita Ouiza siku tatu zile. Aliniambia mambo ambayo mtoto hapaswi kuyasikia kwa baba yake, mazuri, sitayaandika. Kisha akaniomba msamaha kwa majira yale ishirini na mawili ya baridi. Alisema kule alikuwa akihesabu, kila theluji ikianguka, kuni zilizobaki hapa nyumbani. Alisema hakujua kuandika mambo kama hayo, ndiyo maana barua zake zilikuwa fupi. Nikamwambia nimemsamehe. Sijui kama nilikuwa na ruhusa ya kusamehe kwa niaba ya mama. Nilimwona alivyokuwa akingoja jibu, nikalitoa.

Umeniuliza kwa nini nilikuficha. Si kwa sababu ulizotaja.

Jumatano asubuhi jua lilitoka juu ya theluji na chumba kizima kikawa cheupe. Nilikuwa namlisha supu. Akanitazama kwa muda, macho yake ya zamani, yale makali, akasema, "Dahbia." Hakuwa ameniita kwa jina langu tangu kiangazi. Nikakirudisha kijiko bakulini.

"Naam, baba."

"Mama yenu amekufa, siyo?"

Nilikuwa na uongo wote tayari mdomoni, Ghenima, mjomba, mtoto mchanga, kivuko. Sikuweza kumpa mtu aliyekuwa ananitazama vile. Nikasema, "Ndiyo, baba."

"Lini?"

"Mwezi wa tano."

Hakulia. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa saa. Kisha akauliza, "Na Ghenima anajua?"

Nikashindwa kujibu. Akadhani kunyamaza kwangu ni kusema hapana. Akanishika mkono na kusema, "Usimwandikie. Mimi nchi ile naijua. Ukipata habari kama hizo kule, unazisoma peke yako, kisha unavaa unakwenda kazini. Mwache mpaka aje nyumbani, awe kati ya watu." Akaniminya vidole mpaka nikasema, "Sawa, baba. Sitamwandikia."

Akanywa maji, akageuka upande wa ukuta. Saa nne alikuwa amekata roho.

Ulipokuja, kila siku nilitaka kukwambia. Ulikuwa kati ya watu, ndiyo, lakini ulikuwa unarudi kule, na nilijua utakayoyabeba utayafungua ukiwa njiani, peke yako, kama alivyosema. Basi nikanyamaza. Sasa Fadhma amefungua mdomo, nami nimeandika, na ahadi nimeivunja.

Kama umeisoma barua hii kazini, au kwenye ngazi, usiikunje ukarudi kwenye shughuli. Nenda mahali alipo Salem. Usimweleze kitu kwanza. Kaa tu karibu naye.

Dada yako,
Dahbia